Uwanja wa Vita Ndani ya Sanduku la Bati

Kuna wanaume wa Isiolo waliotumia ujana wao kufuga ngamia, na wengine kufungua maduka. Mimi niliutumia kutengeneza milima ya karatasi. Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya msingi pale Wabera, mtu wa serikali mwenye tai aliyekuja kutoka kusini, na kila Jumamosi nikishaanika soksi zangu nilipiga magoti sakafuni nikaongoza majeshi.

Adui yangu katika mchezo huo wa vita alikuwa mwalimu mwenzangu wa hesabu, Mborana ambaye wazazi wake walikaa Gotu, upande wa kaskazini. Vifaru tuliachiwa na mzungu mmoja wa mradi wa maji, siku alipofunga mizigo yake kabla maji hayajatoka. Vilikuwa vifaru vya kuchezea vya madini ya risasi, kila kimoja kama punje ya haragwe, ishirini na vinne ndani ya mkebe wa kahawa. Huo ndio msaada pekee wa mradi ule nilioushika kwa mkono wangu.

Uwanja wetu wa kwanza niliujenga juu ya meza, chumbani kwangu mtaa wa Kiwanjani. Nililoweka karatasi za mitihani ya zamani katika gundi ya unga wa ngano, nikafinyanga vilima vya kutoka mjini hadi mto Ewaso Nyiro. Ilikuwa kazi ya kujivunia, nami nilijivunia kwa siku nne. Siku ya tano nilisahau kufunga mlango. Jioni mama mwenye nyumba akanijia, mkono kiunoni.

"Mwalimu, mbuzi yangu ni mgonjwa. Umeipatia nini?"

"Mama, amekula mlima."

"Mlima gani?"

Mbuzi alipona. Karatasi za mitihani zilimkaa tumboni vizuri kuliko zilivyowahi kuwakaa wanafunzi wangu kichwani.

Kisha wakubwa wetu, kwa hekima yao isiyohitaji kuuliza mtu, wakamhamishia mwenzangu Marsabit. Vita vilikuwa katikati. Yeye alikuwa akishambulia mji kutoka Gotu na amebaki na vifaru vinne. Mimi niliulinda mji kwa vifaru tisa. Tukajaribu kupigana kwa barua. Aliniandikia, "Kifaru changu cha pili kimevuka daraja," na barua ikanifikia baada ya wiki tatu, wakati mimi nimeshasahau daraja lenyewe liko upande gani. Kwa mwendo ule tungestaafu kabla ya kufyatua bomu.

Niseme ukweli, maana hakuna wa kunicheka sasa. Nilimkosa sana. Walimu wengine walikuwa watu wazima, wenye mazungumzo ya watu wazima kuhusu mashamba na vyeo. Yeye peke yake katika mji ule mzima ndiye niliyeweza kupiga naye magoti bila aibu, na barua zake zilikuwa zinazidi kuwa fupi. Nikaona nisipompelekea vita vyetu, nitampoteza rafiki kabisa. Basi nikaamua kujenga uwanja wa kubeba.

Nilikata plaiwudi vipande viwili, nikaviunga kwa bawaba, vikakunjika kama kitabu na kuingia ndani ya sanduku la bati nililotumia shule ya bweni. Milima niliijenga upya kwa gundi ya fundi seremala, kisha nikaipaka maji ya mwarobaini uliochemshwa, ili mbuzi mwingine mwenye kiu ya elimu akome. Ardhi ilikuwa ardhi yenyewe: nilichekecha udongo mwekundu kwa kichujio cha chai, nikaunyunyiza juu ya gundi mbichi. Migunga niliikata kwenye sponji ya godoro langu, nikaichovya rangi ya kijani na kuichomeka kwa waya. Msitu ulistawi, na mimi nikalala miezi mitatu bega likiwa ndani ya shimo. Mto niliupaka kahawia, halafu vanishi mara tano. Maduka na msikiti vikawa viberiti vitupu. Mwisho nilitoboa kila kifaru tumboni, nikakitia pini, kikasimama imara pale pale kilipoachwa na vita. Hakuna kilichosahaulika. Ndivyo nilivyodhani, na jiografia nilikuwa na cheti chake.

Likizo ya Agosti nikapanda lori la mahindi lililokuwa likienda Marsabit. Tulikuwa hatujamaliza hata kutoka mjini tukafika kwenye kizuizi cha polisi, ule mlango ambao ukiupita kwenda kaskazini watu husema umeiacha Kenya nyuma. Abiria wote wakashuka, wakapanga foleni, kila mmoja na kipande chake, kile kitambulisho cha serikali, mkononi. Nikapapasa mifuko. Kipande changu kilikuwa nyumbani, ndani ya koti la kanisani.

"Habari, mwalimu," askari akaniambia, akanipita. Mzee wa Kiborana aliyenifuata alisomewa kipande chake mbele na nyuma, akaulizwa baba yake alizikwa wapi.

Mimi sikushukiwa. Sanduku ndilo lililoshukiwa, kwa uzito wake. Wakalifungua. Miaka ile ya themanini, mtu aliyekamatwa na milima, barabara na vifaru alihitaji maelezo mazuri, na langu lilikuwa, "Ni mchezo." Sajini akaitwa. Akachuchumaa, akafuata barabara kwa kidole.

"Hii ni Isiolo?"

"Ndiyo, afande."

"Hii ni njia ya Gotu?"

"Ndiyo."

"Na sisi tuko wapi?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeweka msikiti, maduka, hata choo cha shule. Kizuizi sikuwa nimeweka.

"Sasa hizi vifaru zimepita hapa namna gani?" akauliza, na alikuwa ameudhika kweli. "Bila kukaguliwa? Mwalimu, hii si Isiolo."

Akachomeka miiba miwili kando ya barabara, akalaza njiti ya kiberiti juu yake. Akasimama kidogo kuitazama kazi yake, akafunga sanduku kwa upole. Nilicheka kimoyomoyo hadi Marsabit, njia yote ya vumbi, nikikariri jinsi nitakavyomsimulia mwenzangu.

Alinipokea kwa mikono miwili na chai ya maziwa ya ngamia. Tukapiga magoti kama zamani. Nikafungua uwanja, nikamsimulia sajini na hasira zake, nikasubiri kicheko. Yeye aliitazama ile njiti.

"Amekusahihisha vizuri," akasema. "Mimi nilikuwa napita hapo kila Ijumaa nikienda kwa mama, na kila Jumapili nikirudi. Nilishangaa tangu ule uwanja wa kwanza, kwamba hukukiweka kizuizi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ilikuwa raha kupita bure."

Akatoa kipande chake mfukoni, akakilaza mbele ya kifaru chake. Kilifunika nusu ya njia ya Gotu. "Basi tufuate sheria," akasema huku akitabasamu. "Weka na chako."

"Nimekisahau nyumbani."

Tabasamu likasimama. "Umefikaje hapa?"

"Hawakuniuliza."

Nilimwona akipiga hesabu, yeye na hesabu zake, miaka yote ya Ijumaa na Jumapili. Kisha akainua kikombe chake.

"Basi mwalimu, vita umeshinda zamani," akasema. "Kunywa chai, itapoa."

Nilichukua kipande chake nikakisoma, jina, mahali pa kuzaliwa, alama ya kidole, mara ya kwanza tangu tujuane. Niliona aibu, na ninaiona hadi leo. Nikanyoosha mkono niing'oe ile njiti, akanizuia.

"Iache. Sasa ndiyo Isiolo."

Tukacheza hadi adhuhuri. Kila kifaru chake kilipofika kwenye njiti alikisimamisha, akaweka mikono magotini, akangoja mimi niiinue.