Kabati la Mninga na Vitenge vya Marehemu

Mke wangu alipofariki, nilijua kwamba siku ya kuanua matanga dada zake wangegawana nguo zake, kama ilivyo desturi. Nilitumaini kwamba wakikuta vitenge vyake vimetunzwa kwa heshima, wangeniachia baadhi. Kwa hiyo nilipanda milimani hadi Mbinga kutafuta kabati la zamani.

"Hili lilikuwa la mapadre, mzee," muuzaji alisema.

Maneno ya namna hiyo siyaamini. Nilivuta droo, nikakagua viungo, nikatafuta matundu ya wadudu. Lilikuwa la mbao za mninga mtupu, nikalinunua.

Mvua iliharibu barabara, na lori lililobeba kabati lilipofika kwetu Mbamba Bay, nguo zilikuwa zimekwisha kugawanywa.

"Shemeji, kabati lote hili utaweka nini?" mdogo wa marehemu aliuliza. "Ile suti yako moja?"

Wenzake walicheka, kisha wakaniona nimeshika mlango wa kabati, nikitazama mafungu yao ya vitenge. Yeye akafungua fungu lake, akatoa kitenge ambacho dada yake alikivaa kanisani, akakiweka mwenyewe kwenye rafu ya juu.

Rafu za chini ni tupu hadi leo. Nazifuta vumbi kila Jumamosi.