Zamu Yangu ya Kuwa Jini

Leo wamefukiza ubani chumbani kwa dada yangu, na macho yananiwasha. Moshi huu sipatani nao tangu utotoni.

Tulikuwa na mchezo wetu barazani: kila mtoto huchagua awe zimwi, chunusi au jini. Dada alikuwa jini kila siku, kwa sababu jini hutaka vitu na lazima aletewe: visheti, ubuyu, maji baridi. Mimi nilibaki zimwi la kutumwa.

"Na mimi je, dada?"

"Wewe huna meno. Umeona wapi jini kibogoyo?"

Siku alipolala na homa, nikajitanda kanga nyekundu, nikanguruma: "Mimi ni jini! Nataka halua!"

Bibi alitoka mbio na chetezo, akanifunika shuka gubigubi, akanifukiza.

"Karibu, bwana mkubwa. Sema utakalo, umwache mjukuu wangu."

"Bibi, ni mchezo!"

"Ndivyo wasemavyo wote," akasema, akaongeza ubani.

Halua ililetwa kweli. Nilipofunuliwa, nikikohoa na makamasi yakinitoka, mgonjwa wetu alikuwa keshaimaliza, analamba vidole.