Swali Nililolitunga Mwenyewe

Maswali ya uzazi wa mpango niliyatunga mimi, na kompyuta ya ofisi ilitaka namba tu: moja ni ndiyo, mbili ni hapana. Baada ya kuzunguka nyumba za Nyamasaria mchana kutwa, nilikuwa nimechoka hata sitazami mtu. Nasoma karatasi, naandika namba.

"Mama, bado unalala na mzee?"

Kalamu yangu ikasubiri namba.

"Mama, moja au mbili?"

Nikainua uso. Jamani! Alikuwa mamake Akinyi, mchumba wangu, amekuja kumtembelea dadake. Kwetu mama mkwe hata mkono humpi, sembuse kumwuliza ya kitandani.

"Hilo, baba," akasema akitazama ukuta, "utamwuliza mzee mwenyewe Jumamosi, ukileta ng'ombe."