Mbigili za Wifi Devayani

Wifi yangu Devayani, mke wa kaka, hakumaliza darasa la saba, lakini nusu ya wanawake wa bonde la mto Nila humpelekea siri za mikojo yao. Huchemsha matunda ya mbigili, yale yale ya miiba yanayotuchoma nyayo, pamoja na mbegu za giligilani, mpaka vikombe vinne vya maji vibaki kimoja. Alifundishwa na marehemu baba yangu. Mimi, bintiye wa kumzaa, sikufundishwa, eti binti huolewa akaondoka na dawa ya nyumba. Nami niliolewa nyumba ya tatu kutoka hapo! Roho inaniuma hadi leo, sifichi.

Mwaka jana, mvua zilipokatika, nikapatwa mimi. Kila haja ndogo, machozi. Siku nne nilijikaza, afadhali kuungua kuliko kumpigia hodi Devayani. Ya tano nikamtuma jirani yangu Ponnamma, aseme dawa ni ya binamu yake wa Palakkad.

Aliporudi na chupa nikambana.

"Kaniuliza, huyo binamu ana homa? Mgongo unamuuma? Nikasema hana. Akauliza nyota yake ya kuzaliwa, amwombee."

"Ukamwambiaje?"

"Makam."

"We Ponnamma! Si ndiyo nyota yangu? Anaijua!"

"Ulitaka nidanganye nyota, dada Subhadra? Dawa iombewe mtu mwingine, wewe upone vipi?"

"Akasemaje?"

"Kacheka kidogo tu. Kasema binamu akipata homa asingoje dawa, akimbie hospitali."

Kacheka! Nilitamani kuimwaga kwenye migomba. Nikainywa, nikiomba isifanye kazi, ionekane baba alikosea. Siku ya tatu nikapona kabisa.

Basi nikangoja kutangazwa. Kisimani, hekaluni, kwa muuza samaki, kila wanawake walipocheka nilitega sikio. Hakuna kitu. Wiki ya pili tukakutana njiani, uso kwa uso.

"Hujambo wifi? Umependeza leo," akasema, akapita zake na kapu lake.

Angenitangaza, ningepata pa kumshika. Baba alikuwa hivyo hivyo, siri ya mgonjwa hakumwambia hata mama. Matunda na mbegu ningeweza kuiba kwa kuchungulia dirishani. Hilo la kufunga mdomo nimelijaribu, nikashindwa, ndiyo maana nanyi mmeyajua haya yote.