Uvimbe Usiouma

Nilimkuta mama mdogo kwenye kibanda cha shambani, ng'ambo ya mto, akichana titi lake la kushoto kwa kitana. Ulikuwa msimu wa kufukuza ndege kwenye mpunga. Kwetu anayenyonyesha akivimba titi kwa maziwa kuganda, hukandwa kwa maji ya moto na kuchanwa hivyo hadi yaachie. Lakini kitinda mimba wake alikuwa sekondari tayari.

"Maziwa gani hayo, mama?"

"Ya zamani. Yalisahaulika humo." Akacheka. "Kauvimbe tu, wala hakaumi."

Hapo ndipo nilipoogopa, kwa maana nilishasikia kliniki kwamba saratani ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni. Alitaka tusubiri mavuno. Nikambishia hadi akachoka, ndege tukamwachia baba mdogo, tukaenda Ifakara.

Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alimwamkia shikamoo, akampaka jeli, akapitisha kifaa cha ultrasaundi. Titi lile lilinyonyesha watoto wake wote, na mimi pia mama alipougua. Sasa nililiona ndani, kwenye kioo cha mashine: matabaka ya kijivu, moja juu ya jingine, kama ukingo wa mto Kilombero maji yanapopungua. Katikati, doa jeusi lenye kingo za kuchongoka.

"Ndiyo hako?" mama mdogo akauliza. "Kadogo hivyo, kana jeuri gani?"

"Nafurahi umekuja kangali kadogo, mama," daktari akasema, akachukua kinyama kwa sindano kipelekwe maabara.

Majibu yalipotoka tulirudi chumba kilekile, mama mdogo akaketi kitandani. Ilikuwa saratani, lakini ilikuwa bado haijafika kwapani. Angepasuliwa, kisha dawa.

Daktari akauliza habari za ukoo. Tukamwambia bibi alikufa na kidonda cha titi, nasi tulisema karogwa. Akanigeukia: binti wa ukoo kama huo aanze kupimwa mapema, ayajue matiti yake, asiachie mwili unenepe, na pombe aiache. Hatari hupungua, haiishi.

"Pombe," mama mdogo akasema. "Umesikia, mwanangu? Sio mimi niliyesema."

Kisha akashuka kitandani, akanifungua kifungo cha juu cha blauzi.

"Panda."

Nikapanda. Jeli ilikuwa ya baridi. Yeye akasimama karibu na kioo, ameshika kwapa lake, akiyakagua matabaka yangu moja moja.

"Mungu fundi," akasema polepole, kisha akamgeukia daktari. "Binti, rudisha hapo. Pale pembeni ni nini?"

"Ni mshipa wa damu, mama. Yuko salama."

Hakuketi hadi kioo kilipozimwa.