Vifungo Kwenye Sinia la Mama Ndeshi

Krrr, krrr, krrr. Mpaka leo nikifumba macho naisikia sauti ile ya vifungo vikirukaruka ndani ya sinia la bati. Mama Ndeshi, mwenye duka la vifaa vya ushonaji pale Kariakoo, alikuwa na simu ya kitochi, na simu hiyo aliilaza katikati ya sinia lililojaa vifungo vya mashati. Ikiita inatetemeka, na vifungo vyote vinacheza. Siku ya kwanza niliyoingia dukani kwake kuomba kazi niliruka nikidhani ni panya. Alicheka mpaka tepu ya kupimia ikamdondoka shingoni.

"Usiogope, binti. Hiyo ni biashara inaita."

Nilidhani ni mbwembwe tu za mtu mcheshi. Ilinichukua muda kujua sinia lile lilikuwa pale kwa kazi gani.

Wadogo zangu, najua mtacheka nikijiita mstaafu. Arobaini sijafika na meno yangu yote ninayo. Lakini kazi niliyoifanya, ya kutengeneza tovuti kwa kuzunguka duka kwa duka na kompyuta mgongoni, bila ofisi wala mwajiri, imeshakuwa ya zamani. Siku hizi mwenye duka anajifungulia ukurasa kwa simu huku anasubiri chipsi mayai ziive. Kwa hiyo nawaandikia sisi tulifanyaje, kabla sijasahau na mimi.

Nilimaliza kidato cha nne Lindi na matokeo ya kawaida, yale ambayo mama yako anayapokea kwa kusema "alhamdulillah, afya ipo." Nikaja mjini kwa shangazi, nikapata kazi kwenye kafe ya intaneti Mchafukoge. Mwenye kafe alitaka tumwite Mkurugenzi, ingawa ofisi nzima ilikuwa mimi, yeye na mashine ya kutoa kopi. Hakusomea kompyuta popote. Alijifundisha mwenyewe kutengeneza tovuti, na alichokijua hakukificha.

"Somoe," aliniambia, "wewe unaifahamu Kariakoo? Basi tovuti unaifahamu. Jina la tovuti ni bango la duka. Seva ni fremu, chumba cha duka unachopanga, yaani kompyuta ya mtu mahali fulani isiyozimwa usiku wala mchana ili duka lako lionekane. Ukishindwa kodi ya fremu, bango linabaki linaning'inia hewani, mteja anafika, hakuna kitu."

Na alikuwa na sheria moja aliyoirudia kama dua. "Namba ya simu iwe juu kabisa, kubwa, mtu aione kabla hajapepesa. Mtu wa Bongo asipoona namba anajua hao ni matapeli. Tovuti bila namba ni duka bila mlango."

Sheria hiyo niliibeba kila nilipokwenda. Watu walipoanza kupata intaneti kwenye simu zao, kafe ikafungwa, na Mkurugenzi akanipa kompyuta moja ya kubeba iwe kiinua mgongo changu. Kibonyezo cha herufi M kilikuwa kimeng'oka, kwa hiyo kila nilipoandika "mama" nilibonyeza kwa ukucha kile kipira kilichobaki chini yake. Nikaanza kujitegemea. Nilitengenezea tovuti wauza vipuri wa Gerezani, nikatengenezea nyumba ya wageni. Kila kazi kabla sijairusha hewani, ndivyo tulivyosema kuifungulia dunia, niliijaribu kwanza kwenye simu ya bei chee yenye kioo kilichopasuka. Wateja wetu, simu walizokuwa nazo ndizo hizo.

Ndipo nikafika kwa Mama Ndeshi.

Alikuwa mjane wa Kilimanjaro, na alikuwa na fremu nyembamba iliyojaa zipu, lesi, lastiki, bitana na uzi hadi darini. Wateja wake wakubwa walikuwa mafundi cherehani wa mikoani. Fundi alipiga simu akaeleza anachotaka. Kama ni jambo la rangi, alikata kipande cha kitambaa, akakitia kwenye bahasha, akampa konda wa basi la kuja Dar. Mama Ndeshi akikipokea hakukitazama chini ya taa hata siku moja. Alitoka nacho mlangoni, akakinyoosha juani pamoja na uzi wa kwake, akakunja jicho.

"Taa ina uongo," alisema. "Jua halina ndugu."

Nilimuuliza kwa nini anataka tovuti. Wenye duka wengi walijibu kwamba jirani anayo. Yeye alisema, "Nataka wateja wangu waniandikie." Kisha akashusha sauti. "Mwanangu Elibariki anaitaka fremu hii auze makava ya simu. Anasema, mama, wateja wanapungua, pumzika. Nikapumzike nifanye nini, niwachunge kuku? Nikiwapoteza mafundi wangu, sina la kumjibu."

Niliifanya kazi ile kwa mapenzi. Kila lesi niliipigia picha mlangoni, juani, kwa masharti yake. Rangi tuliziita kama mafundi wanavyoziita: samli, ugoro, damu ya mzee. Nilipomwonyesha alifurahi, akagusa kioo kwa kidole kama anayepapasa kitambaa. Kidole kikafika juu, kwenye kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa PIGA SIMU.

"Hiki ondoa."

"Mama, namba ndiyo mlango wa duka! Watasema matapeli."

Alinitazama mdomoni, akakiondoa kidole. "Haya. Wewe ndiye fundi."

Tukairusha hewani. Tulikunywa soda tukapiga makofi, nami nikawatumia mafundi wote ujumbe. Basi sinia likaanza kucheza. Krrr asubuhi, krrr mchana. Mama Ndeshi anapokea, anasema, "Ndiyo fundi, sawa fundi, Mungu akubariki," anakata. Nilirudi kwa shangazi nikiota nimefungua ofisi ya ghorofa yenye lifti.

Haikupita wiki simu ikaita, safari hii yangu mimi. Alikuwa Fundi Asumpta wa Masasi, mteja wa Mama Ndeshi wa miaka mingi. Jina na namba yangu aliviona chini ya ukurasa.

"Wewe ndiye dada wa tovuti? Hebu niambie, mama yenu siku hizi ana dharau gani? Nimempigia, nimemweleza lesi ya sare za kwaya, nimeeleza mpaka mate yamekauka. Ananijibu 'sawa fundi', halafu ananitumia zipu nyeusi! Kwaya inaimba pasaka au tunakwenda kuzika?"

"Pole, mama. Labda wamechanganya mizigo."

"Si mimi tu. Mwenzangu wa Newala naye kaletewa uzi aliokuwa akinunua zamani. Mwambie tunampenda, lakini Kariakoo maduka ni mengi."

Nilikwenda mbio. Mama Ndeshi alikuwa amenipa mgongo, anapanga bitana kwenye rafu. Simu ikaita. Krrr. Hakugeuka. "Shikamoo, mama!" Hakugeuka. Krrr, krrr. Akageuka kufuata mkasi, macho yakaangukia sinia, akaona vifungo vinacheza, ndipo akairukia simu.

Hapo nikaelewa. Nilikaa juu ya robota la bitana.

Alipokata aliniona. Akaliona na sinia, akaona nilivyolitazama.

"Mama, tangu lini?"

"Muda." Alivuta kiti karibu. "Mtu akiwa mbele yangu namwona mdomo, tunaongea vizuri kama mimi na wewe. Simu haina mdomo, mwanangu. Nabahatisha. Namtumia kila mtu alichozoea kununua, namwomba Mungu afunike."

"Na Kaka Elibariki?"

"Hajui. Akijua leo, kesho makava yanaingia."

Nilifungua kompyuta. "Naiondoa namba sasa hivi."

Aliniwekea mkono juu ya mkono. "Ukiiondoa hivihivi, mafundi watasema nimekimbia. Wewe mwenyewe ulisema, matapeli."

"Basi tueleze sababu."

Neno hilo liliponitoka nililijutia. Sababu ilikuwa yake, na ndiyo aliyoificha hata kwa mwanawe. Nikamwambia, "Mama, hiyo siwezi kukuandikia mimi. Ukisema tuache, tunaacha."

Mteja mmoja aliingia kutaka lastiki. Mama Ndeshi akampimia taratibu, akamfungia, akamsindikiza mlangoni. Alisimama pale juani akitazama watu wanavyopita na mizigo kichwani. Alirudi akaketi wima, kama anayepigwa picha.

"Andika. 'Mimi Mama Ndeshi masikio yamechoka, macho bado. Usinipigie, niandikie. Rangi nitumie kipande kwa konda. Nitakutazamia juani kama zamani.'"

"Nikunyooshee kidogo lugha?"

"Usiguse."

Niliandika, M zote kwa ukucha. Mahali pa kitufe cha kijani yakakaa maneno yake, kwa herufi kubwa. Nikampa kompyuta ili abonyeze mwenyewe. Alibonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayegonga muhuri.

Niliwatumia tena mafundi wote ujumbe waufungue ukurasa, kisha ikawa kimya. Mvua ilishuka, bonde la Jangwani likajaa maji, mabasi ya mwendokasi yakasimama, Kariakoo ikabaki na matope na wenye maduka wakitazamana. Sinia halikucheza. Ujumbe haukuingia hata mmoja. Nilikwenda kwake kwa miguu kila siku kusubiri naye, tukala karanga.

Aliyetangulia kufika alikuwa Elibariki, kalowa chapachapa, simu mkononi, ukurasa wa mama yake umefunguka.

"Mama, hili ni kweli?"

Mama Ndeshi alimtazama mdomoni. "Kweli."

"Kwa hiyo kila nikikupigia, unaniambia 'sawa baba, sawa baba'..."

"Si ulikuwa unaongea mambo ya makava?"

Elibariki alicheka, halafu kicheko kikamgeukia, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Hakusema lolote kuhusu fremu. Alivuta kigoda akaketi mbele ya mama yake, karibu, mahali ambapo mdomo unaonekana vizuri.

Mvua ilipokatika, konda wa basi la kusini akapiga hodi na bahasha. Ndani kulikuwa na kipande cha kitambaa cha sare ya kwaya, kikubwa kama kiganja cha mtoto. Ujumbe wa Fundi Asumpta ukaingia kwenye simu yangu, maana hakuwa na hakika aandike wapi, nikausoma mbele ya Mama Ndeshi polepole:

"Mama, kumbe ni masikio! Mimi miaka yote hii nikisema mama huyu mwema ila ana maringo kidogo. Kwaya wote wanakusalimu. Lesi ifanane na kipande hiki. Na tafadhali, zipu sitaki."

Alikichukua kipande akatoka nacho mlangoni. Jua lilikuwa limetoka juu ya madimbwi. Alikinyoosha, akajaribu lesi ya samli, akaikataa, akajaribu nyingine, akakunja jicho. "Hii," alisema. Elibariki akaufunga mzigo na kuupeleka stendi yeye mwenyewe.

Bahasha ziliendelea kuja, si kwa fujo, moja moja, kutoka Newala, Songea, Same. Vipande alivitundika kwenye kamba dukani, vya rangi zote, mpaka wapita njia wakadhani anaviuza. Elibariki alipewa kona ya mlangoni kwa ajili ya makava yake. Kona tu. Akitaka kuongeza rafu anaandika barua ya maombi, hivyo ndivyo mama yake anavyomtania.

Tovuti nilizotengeneza baada ya hapo zilikuwa nyingi, na nyingi zimeshazimika, fremu zake hazikulipiwa, mabango yananing'inia hewani kama alivyosema Mkurugenzi. Sina kinyongo. Kila nilipokwenda kwa mteja mpya niliketi kwanza dukani kwake, nikamtazama anavyouza, kabla sijafungua kompyuta. Mkurugenzi hakukosea, mlango ni lazima. Nilichojifunza mimi ni kumuuliza mwenye nyumba mlango wake uko upande gani.

Sasa naota ndoto nyingine: chumba kidogo, cherehani mbili, bango langu mwenyewe nje. Nilipokwenda kumuaga Mama Ndeshi na kumkabidhi Elibariki nywila, yaani funguo za siri za tovuti, mama alichota vifungo kwenye sinia akanijazia kikombe cha bati.

"Vya kuanzia, mtoto wa Lindi."

Kesho yake asubuhi nilikuwa peke yangu chumbani, shangazi kaenda sokoni. Nilivimwaga vifungo kwenye sahani, nikalaza simu yangu katikati. Nikaziba masikio kwa pamba, nikafunga khanga mbili kichwani, nikazikaza. Halafu nikachukua ile simu ya kioo kilichopasuka, nikajipigia.

Sikusikia kitu. Vifungo vikaanza kucheza.