Friji Lililopigwa Dairekti

Kwa heshima na taadhima, kwa niaba ya pasi zote zilizofufuka na feni zote zilizokufa mara mbili, wakazi wa mtaa huu mnatangaziwa kwamba Daktari wa Umeme, bingwa wa bisibisi, mtu ambaye kwa miaka thelathini hajaruhusu fundi mwingine avuke kizingiti chake, amelitibu friji lake mwenyewe. Mgonjwa anaendelea vizuri. Makofi, tafadhali.

Friji lenyewe lilikuwa na umri wa kuitwa babu. Lilisimama jikoni, limeegemea ukuta kama mlevi, na lilikuwa na kazi moja tu ya maana: kutunza insulini ya mke wa Daktari, vichupa vinne ndani ya kiboksi, mlangoni, kando ya maziwa. Mama alikuwa na kisukari. Bila ile sindano ya asubuhi na jioni hakuwa na siku nyingi. Daktari wa kweli, yule wa hospitali, aliwaambia hivyo bila kupepesa macho.

Basi maziwa yakachacha siku mbili mfululizo.

"Halipoozi," Daktari alitangaza, sikio kalibandika ubavuni mwa friji kama anayesikiliza mapigo ya moyo.

"Labda mlango," mkewe akasema. "Mwenzio naubana kwa kiti."

"Mama watoto, wewe pika. Umeme niachie mimi."

Alikuwa ameshatoa hukumu hata kabla ya kushika bisibisi: thamostati, kile kidude kinachoizima mota baridi ikitosha. Akakifungua, akakinusa, akakunja uso. Kingine hakuwa nacho. Akafanya jambo ambalo mafundi hulifanya kimyakimya na kuliita suluhisho: akakitoa kabisa, akaunganisha zile nyaya mbili na kuzizungushia utepe mweusi. Alilipiga dairekti, kama wanavyosema wenyewe. Tangu saa hiyo mota haikuwa na wa kuiambia basi. Kisha, kwa usalama zaidi, akakihamisha kiboksi cha dawa kutoka mlangoni, akakisukuma hadi nyuma kabisa, kikalala kwenye bati la barafu.

Friji likaanza kunguruma. Halikunyamaza asubuhi, halikunyamaza mchana. Sauti ilipita ukutani, ikaingia chumbani, ikatikisa miwani ya Mama juu ya meza.

"Halipumziki hili?"

"Ulitaka liwe vivu?"

Sasa dawa aliileta mwenyewe, kwa fahari. Kichupa kilitoka kigumu kama kokoto. Alikiviringisha katikati ya viganja, akikipulizia pumzi, mpaka kikalegea kikawa maji tena. "Hiyo ndiyo baridi," alimwambia mkewe, ambaye tayari alikuwa amefunua mkono.

Wiki ya kwanza Mama alishikwa na kiu. Jagi zima asubuhi, jingine mchana, na ulimi bado mkavu. Wiki ya pili gauni likaanza kumning'inia, na sisimizi wakapanga mstari kuelekea bafuni, wametulia kama watu walioalikwa. Kipima sukari kingeweza kusema jambo, lakini kilikuwa mezani kwa Daktari, tumbo wazi, kikingoja matengenezo tangu msimu wa mvua.

"Joto tu hilo," alisema Daktari. Friji likaunga mkono.

Mdogo wake Mama alipokuja kuwatembelea, aliuanza utani akiwa mlangoni. "Shemeji, friji lako mbona linalia kama linadai talaka?"

"Linaishi kwa raha, shemeji. Kuliko wewe."

"Ungeita fundi. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Hili sikio linajua dawa. Fundi ni mimi."

Akacheka, akaingia chumbani kumsalimia dada yake. Alipotoka, kicheko alikuwa amekiacha huko huko.

"Dada anahema kama aliyekimbizwa. Pumzi inanuka tunda bovu. Namwita, haniitikii. Tangu lini?"

"Lakini sindano anachoma! Namletea mwenyewe."

"Chukua na hiyo dawa. Twende."

Hospitalini, muuguzi alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Ndani zilielea chembe nyeupe, kama maziwa yaliyokatika. Akakitikisa. Hazikuondoka.

"Mzee, hii iliganda?"

"Iliganda kama jiwe!" Daktari akasema, kifua mbele. "Vyote vinne. Nimelipiga dairekti mimi mwenyewe."

Muuguzi akakiweka kichupa chini taratibu sana. "Insulini ikiganda imekufa, mzee. Hata ukiiyeyusha. Umekuwa ukimchoma maji. Siku ngapi?"

Daktari alianza kuhesabu kwa vidole. Alipofika kidole cha tatu akaufutika mkono mfukoni.

Walimtundikia Mama dripu. "Tusubiri," waliambiwa, na hakuna aliyesema wasubiri nini.

Alirudi nyumbani kumchukulia nguo. Friji lilikuwa likimngoja, linanguruma. Akachomoa plagi. Akachana kipande cha gazeti, akakibana mlangoni mwa friji, akakivuta. Kikatoka bila kushikwa, kama kutoka kwenye kiganja kilichokunjuliwa. Akapiga magoti, akapapasa. Chini, mahali ambapo bisibisi haijawahi kufika, mpira wa kuzibia ulikuwa umepasuka urefu wa shibiri nzima. Joto lilikuwa likiingia mlangoni, na mlangoni ndiko yalikokaa maziwa.

Siku ya tatu Mama alifumbua macho. Mdogo wake alikuwa upande mmoja wa kitanda, Daktari upande wa pili. Walikuwa hawajasemezana tangu siku ile. Dripu ilidondoka, tone, tone.

"Baba watoto." Sauti ilitokea mbali.

"Naam, mke wangu."

"Ugonjwa wa friji umeujua?"

Shemeji akageuza shingo, akamkazia macho. Daktari wa Umeme akajikohoza, akaangalia sakafu.

"Mpira wa mlango," akasema.